Mpaka wa Anga na Damu ya Jirani

Tumeulizwa suala ambalo kwa nje laonekana ni la wanajeshi na wanasiasa, lakini ndani yake ni suala la haki na dhulma, na kila mwenye akili lamkhusu. Suala lenyewe ni hili: Ikiwa ndege ya vita ya dola moja imevuka mpaka ikaingia katika anga la jirani yake bila ya ruhusa, je, jirani huyo ana haki ya kuiangusha? Na akiiangusha, damu itakayomwagika i juu ya shingo ya nani: ya yule aliyeingia bila ya hodi, au ya yule aliyepiga?

Sababu ya kuulizwa ni mambo yaliyotokea mwezi wa Septemba 2025. Usiku wa kuamkia tarehe 10 ya mwezi huo, ndege za Urusi zisizo na rubani ziliingia katika anga la Poland, na baadhi yake zikatunguliwa. Siku 9 baadaye, serikali ya Estonia ikatangaza kuwa ndege 3 za vita za Urusi zimeingia katika anga lake juu ya Ghuba ya Finland, zikakaa humo dakika 12. Urusi ikakanusha, ikasema ndege zake hazikupita ila juu ya bahari isiyo ya mtu. Ndege za NATO zilipanda kuzikabili, na zile 3 zikenda zake. Hapakupigwa hata risasi moja. Papo hapo wakatokea watu, na miongoni mwao waziri wa ulinzi wa wakati ule wa nchi ya Lithuania, wakakumbusha kuwa Uturuki ilikwisha kutoa mfano miaka 10 nyuma. Makusudio yao ni ile ndege ya Urusi iliyoangushwa na Uturuki mwaka 2015.

Basi kwa kuwa kisa cha Uturuki ndicho kinachotolewa kuwa mfano wa kufuatwa, twaona ni vyema tukichukue hicho hicho tukipime. Nasi twasema tangu mwanzo, ili msomaji ajue twaelekea wapi: mpaka ni haki, na kuuvuka ni kosa, lakini haki ya mpaka si haki ya damu. Baina ya mbili hizi pana ngazi ndefu, na mwenye kuiruka hasalimiki na dhulma, hata kama mwanzo wake yeye ndiye aliyedhulumiwa.

MPAKA WA ANGA NI HAKI

Wako watu hudhani kuwa anga halina mwenyewe, na kwamba kugombania hewa ni upuuzi wa wakubwa. Sivyo. Katika mapatano yaliyotiwa saini Chicago mwaka 1944, mataifa yalikubaliana kuwa kila dola ina mamlaka kamili, ya peke yake, juu ya anga lililo juu ya ardhi yake na juu ya bahari yake ya karibu. Bahari hiyo, kwa mapatano mengine ya mwaka 1982, haipiti maili 12 za baharini kutoka pwani. Tena sharia ya anga ni kali kuliko sharia ya maji. Merikebu ya kigeni yaweza kupita katika maji ya pwani ya nchi ya watu madhali yapita kwa salama na haina madhara. Lakini ndege ya vita ya kigeni haina ruhusa hiyo. Haipiti ila kwa idhini ya mwenyewe.

Na hekima yake yajulikana. Mtu aweza kuujenga ukuta wa nyumba yake asionwe na wapitao njiani, lakini hawezi kuijengea mbingu ukuta. Aliye juu huona kila kilichofichwa. Na ndege ya vita hukata kilomita nzima kwa muda wa kama sekunde 4 tu. Ikiwa imekuja kwa shari, mwenye nyumba hatapata hata nafasi ya kuinuka kitini. Kwa hivyo yule asemaye, "Ni dakika chache tu, ameumia nani?" hakusema neno la insafu. Aingiaye nyumba ya watu bila ya hodi amekosa tangu mguu wake wa kwanza, ijapokuwa hakuchukua hata kijiko. Na lau tungelinyamazia hili, tungekuwa tumemsaidia mwenye nguvu. Kwani wenye kuvuka mipaka ya wenzao kwa desturi si wanyonge.

KISA CHA UTURUKI

Kisa hiki kina sehemu mbili, na watu wengi huikumbuka ya pili wakaisahau ya kwanza.

Sehemu ya kwanza: Tarehe 22 Juni 2012, ndege ya Uturuki aina ya Phantom, katika zile za uchunguzi, iliangushwa na majeshi ya Syria karibu na pwani ya Latakia. Watu wake wawili walikufa, na miili yao ikatolewa katika kina cha bahari siku kadha baadaye. Serikali ya Syria ya wakati ule ikasema ndege ilikuwa ndani ya anga lake. Uturuki ikakiri kuwa iliingia kidogo kwa kupotea, lakini ikasema ilikuwa imekwisha kutoka, na kwamba ilipigwa ikiwa juu ya bahari ya wote. Siku 4 baada ya hapo, Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisimama bungeni akasema maneno ambayo maana yake ni kuwa kuvuka mpaka kwa muda mfupi hakuwezi kabisa kufanywa kisingizio cha kushambulia.

Neno hili ni la haki, nasi twalikubali. Lakini siku ile ile alitangaza pia kuwa amri za majeshi zimebadilishwa: tangu siku hiyo, kitu chochote cha kijeshi kitakachoukaribia mpaka kutoka Syria kwa namna ya kutishia kitahesabiwa kuwa ni shabaha ya kupigwa. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Septemba 2013 iliangushwa helikopta ya Syria, na Machi 2014 ikaangushwa ndege yake ya vita.

Sehemu ya pili: Mwisho wa Septemba 2015 Urusi iliingia katika vita vya Syria. Mwanzo wa Oktoba ndege zake zikaingia katika anga la Uturuki zaidi ya mara moja, na Urusi ikatoa udhuru wa hali mbaya ya hewa. Uturuki ililalamika, na NATO ikalalamika pamoja nayo. Kisha asubuhi ya tarehe 24 Novemba, ndege 2 za Urusi aina ya Sukhoi zilikaribia mkoa wa Hatay, pahali ambapo nchi ya Uturuki hushuka kusini mfano wa ulimi ulioingia ndani ya Syria. Katika barua iliyoipelekea Umoja wa Mataifa, Uturuki ilisema kuwa ndege hizo zilionywa mara 10 katika muda wa dakika 5, zisijali. Zikavuka, zikakaa ndani sekunde 17. Moja ikatoka, na nyingine ikapigwa kombora na ndege ya Uturuki aina ya F-16. Urusi ikasema ndege zake hazikuvuka kabisa, na yule mmoja aliyeokoka akasema hakusikia onyo lolote.

Hapa hatuna haja ya kukata hukumu baina ya wasemao. Na tuyachukue maneno ya Uturuki yenyewe yalivyo, tuseme yote ni kweli. Sekunde 17! Huo si muda wa watu wawili kumaliza kupeana salamu na kuulizana khabari za nyumbani. Ndege ikaangukia upande wa Syria. Wale wawili waliruka kwa miavuli, na mmoja wao akapigwa risasi na wapiganaji waliokuwa chini naye angali yuwaning'inia hewani, akafa. Kumpiga mtu aliyeruka kutoka ndege inayoanguka ni jambo lililokatazwa wazi katika mapatano ya vita ya mwaka 1977, kwani mtu huyo hana tena silaha wala pa kukimbilia. Na askari mwengine wa Urusi akauawa katika kwenda kuwatafuta.

Tazama sasa yaliyofuata. Urusi ilisimamisha safari za watalii wake kwenda Uturuki, ikazuia nyanya na matunda ya Uturuki, ikaondoa ruhusa ya kuingia bila ya viza, ikaleta Syria mitambo yake mikubwa ya kupigia ndege. Watalii wa Kirusi waliokuwa zaidi ya milioni 3 mwaka 2015 wakashuka chini ya milioni 1 mwaka 2016. Mkulima wa nyanya na mtumishi wa hoteli kule Antalya hawakurusha ndege wala hawakutoa amri, nao ndio waliolipa. Mwishowe, Juni 2016, Erdoğan, ambaye wakati huo alikuwa Rais, akapeleka barua Moscow ya kusikitika na kuwapa pole ahali wa rubani aliyeuawa.

Na liko la ajabu kuliko hayo. Siku ya pili baada ya ndege kuangushwa, Ahmet Davutoğlu, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisema kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetoa amri. Lakini baada ya jaribio la kupindua serikali la Julai 2016, marubani wawili waliohusika na kuiangusha ndege ile walitiwa mbaroni kwa kushukiwa kuwa pamoja na waasi. Jambo lililokuwa fahari ya taifa zima likawa sasa ni mzigo wa vijana wawili. Kisha mwaka 2019 Uturuki ikapokea kutoka Urusi mitambo ya kulinda anga iitwayo S-400. Yule aliyelalamika kuwa mlango wake umevunjwa, amekwenda kununua kufuli kwa yule yule aliyemtuhumu!

Hatuyasemi haya kwa kumcheka mtu. Twayasema kwa kuwa yana funzo. Ikiwa ugomvi ule uliweza kumalizwa kwa barua baada ya miezi 7, basi haikuwa muhali barua nyengine kutangulia mbele ya kombora. Yaliyobadilika baina ya barua mbili hizo ni kuwa watu wamekwisha kufa, na maiti harudishwi kwa masikitiko.

MIZANI MIWILI

Liangalie, ewe msomaji, neno la mwaka 2012 na tendo la mwaka 2015. Waliokufa walipokuwa watoto wa Uturuki, ilisemwa kuwa kuvuka kwa muda mfupi si sababu ya kuua. Aliyevuka alipokuwa mtu mwengine, sekunde 17 zilitosha.

Uturuki ina jawabu, na insafu yatutaka tuisikie. Itasema: "Ndege yetu haikuonywa, na ndege ya Urusi ilionywa mara 10." Tafauti hii ni ya kweli, na kwa hakika mwenye kuonya ni bora kuliko mwenye kushtukiza. Lakini onyo ni mlango wa hukumu, si hukumu yenyewe. Onyo halikuurefusha ule muda wa sekunde 17, wala halikuifanya ndege iliyokuwa ikikata ncha ya ulimi wa ardhi kuwa ni ndege iliyokuja kuupiga mji. Ikiwa neno la 2012 lilikuwa ni kanuni, basi kanuni haina mjomba wala shangazi. Na ikiwa lilikuwa ni kilio cha aliyefiwa tu, basi lisiitwe kanuni.

Na hapa tuna neno na watu wetu. Wengi katika sisi walishangilia siku ile ya Novemba 2015, hawakuuliza ndege ilikuwa wapi wala ilikuwa ikifanya nini. Iliwatosha kuwa aliyepiga ni Mwislamu na aliyepigwa ni Mrusi. Hii ndiyo taasubi kwa jina lake. Kupenda si dhambi, na mtu hupenda watu wake. Lakini mapenzi si ushahidi. Kadhi hamuulizi mdai, "Wewe ni mtoto wa nani?" kisha akamhukumia kwa jibu lake. Lau wale wawili wa mwaka 2012 walikuwa ni wa kuliliwa, na walikuwa hivyo, basi na yule aliyepigwa akining'inia katika mwavuli ana mama aliyemzaa. Asiyeweza kuyasema mawili haya kwa ulimi mmoja, bado hajaanza kuizungumza haki. Yeye yuwazungumza timu.

MVAMIZI NA MCHUNGULIAJI

Wanazuoni wa fiqhi wamelizungumza tangu zamani jambo la mtu anayemvamia mwenziwe katika nafsi yake, mali yake au nyumba yake. Wamesema kuwa mwenye kuvamiwa ana haki ya kujitetea. Lakini wameipanga haki hiyo kwa daraja: huanza kwa kilicho chepesi. Akiondoka kwa neno, hapigwi. Akiondoka kwa mkono, hatumiwi fimbo. Akiondoka kwa fimbo, hatumiwi upanga. Na mwenye kuupanda upanga ilhali neno lingalitosha, huulizwa damu hiyo ijapokuwa aliyekufa alikuwa mkosa. Maana yake ni kuwa haki ya kujitetea yakadiriwa kwa haja ya kujitetea, haikadiriwi kwa ghadhabu ya mwenye kutetea.

Huenda mwanafunzi akasema: "Mbona katika madhehebu yetu ya Shafi imekuja kuwa mwenye kuchungulia ndani ya nyumba ya mtu aweza kutupiwa kitu jichoni, na mtupaji hana juu yake dhamana? Na ndege ya upelelezi si ni jicho lenye kuchungulia?" Twamjibu: Umelitaja jambo kweli, lakini litimize. Wanazuoni hao hao wamesema kuwa atupiwe kitu chepesi, mfano wa kijiwe. Ama mwenye kumpiga kwa mshale, au kwa jiwe zito lenye kuua, huyo ana dhamana. Basi haya uliyoyaleta kuwa hoja ya kombora ndiyo hoja ya kijiwe. Na vijiwe vya zama hizi viko: kumwita kwa redio, kupanda ndege zako ukamzunguka na kumsindikiza mpaka nje, kumwita balozi wake, kulipeleka jambo mbele ya Umoja wa Mataifa, na kuzitoa picha za rada watu wote wazione. Estonia, iliyo ndogo mbele ya Urusi, ilitumia vijiwe hivi kwa dakika 12, na haki yake haikupungua hata chembe.

SHAKA MBILI NA MAJAWABU YAKE

Shaka ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Yasemwa: "Mwenye nguvu hafahamu ila nguvu. Ukimwachia leo sekunde 17, kesho atachukua dakika 12, na kesho kutwa atakaa sebuleni. Hakika baada ya kuangushwa ndege moja, nyengine hujifunza adabu."

Shaka hii hatuidharau, kwani uzoefu wa dunia waonyesha kuwa mchokozi aliyenyamaziwa huongeza. Lakini kunyamaza si kinyume pekee cha kuua. Baina ya mawili hayo pana mambo mengi, nayo tumeyataja. Tena lizingatie jambo hili: anayeuawa si yule unayetaka kumfunza. Aliyepanga ndege ipite pale yumo ofisini Moscow, yuwanywa chai. Aliyekufa ni mtumwa wa amri. Kumuua huyu ili yule apate kujua ni kumfanya mtu kuwa ni barua, na mtu hakuumbwa kuwa barua. Hukumu hii hugeuka pale tu ndege yenyewe inapokuwa ndiyo hatari: imeelekeza silaha, au yaelekea kwenye watu, nayo haikuwa na njia nyengine ya kuzuiwa. Hapo mwenye nyumba hauwi kwa kufundisha. Aua kwa kuokoa, na huyo hana lawama. Kwa sababu hii, kuitungua ndege isiyo na rubani, kama zilivyotunguliwa baadhi ya zile za Poland, ni jambo jepesi kuliko kuitungua yenye watu.

Shaka ya pili yasema: "Mambo haya ni ya sekunde. Askari hana nafasi ya kufikiri, na akingoja atakuwa amechelewa." Twasema: Hiyo ndiyo sababu ya kufikiri kabla, wala si sababu ya kutofikiri. Tarehe 21 Februari 1973, ndege ya abiria ya Libya ilipotea njia kwa hewa mbaya, ikaingia juu ya Sinai, wakati huo iko mikononi mwa Israel. Ndege za vita za Israel zikaipiga, na watu 108 wakafa. Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea ya Kusini iliyokuwa ikitoka Marekani kwenda Seoul iliiacha njia yake, ikapita juu ya nchi ya Kisovieti. Wakuu waliokuwa chini wakadhani ni ndege ya upelelezi. Ikaangushwa karibu na kisiwa cha Sakhalin, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Wale waliotoa amri hawakuwa na shaka hata moja kuwa walinda nchi yao. Baada ya msiba huo, mwaka 1984, mataifa yaliongeza kifungu katika yale mapatano ya Chicago, kuwa kila dola ijizuie na kutumia silaha juu ya ndege ya raia iliyo hewani. Kifungu hicho kiliandikwa kwa wino wa damu ya watu 269. Haki ya mpaka ilikuwako kamili siku ile, na haki hiyo haikumfufua mtoto mmoja.

MAJIRANI WAWILI WENGINE

Yuko atakayesema kuwa tunayoyanena ni mazuri katika darsa, lakini hakuna dola iliyowahi kuyatenda. Tutamtolea mfano wa India na Pakistan, majirani ambao tangu mwaka 1947 wamepigana vita zaidi ya kimoja, na kila mmoja ana silaha za nyuklia.

Mwaka 1991 walipatana kwa maandishi kuwa ndege zao za vita zisikaribie mpaka kwa kilomita 10. Pamoja na hayo, tarehe 10 Agosti 1999, India iliangusha ndege ya jeshi la majini la Pakistan karibu na Rann of Kutch, na watu wote 16 waliokuwamo wakafa. India ikasema iliingia kwake, na Pakistan ikasema ilikuwa nyumbani kwake. Pakistan ilikwenda kushitaki mbele ya mahakama ya kimataifa ya Hague, na mwaka 2000 mahakama ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Watu 16 wamezikwa, na hukumu haikupatikana mpaka leo.

Kisha itazame tarehe 9 Machi 2022. Kombora la India, lisilo na baruti ndani yake, lilifyatuka kwa makosa, likavuka mpaka na kwenda zaidi ya kilomita 100 ndani ya Pakistan, likaanguka karibu na mji wa Mian Channu. Lilikaa katika anga la Pakistan zaidi ya dakika 3. Hili si jicho lenye kuchungulia, ni silaha yenyewe. Na aliyeko chini hana njia ya kujua ndani yake mna nini. Maafisa wa Pakistan waliliona katika rada, wakalifuata mpaka lilipoanguka, na hawakurudisha. Siku ya pili wakasimama mbele ya watu wakaeleza yaliyotokea, wakataka maelezo na uchunguzi wa pamoja. India ikakiri kuwa ni kosa lake, ikasikitika, na Agosti ya mwaka huo ikawafukuza kazi maafisa 3 wa jeshi lake la anga. Hakufa mtu.

Hatudai kuwa uvumilivu ule ulileta mapenzi. Mwezi wa Mei 2025 nchi hizo zilipigana tena kwa siku 4, na ndege na makombora yakavuka huku na huku. Lakini uliza: lau Machi 2022 afisa mmoja angalisema "mpaka wetu umevunjwa, nasi tuna haki", angalikuwa amesema kweli katika neno "haki", na huenda miji mizima ingaliteketea kwa ajili ya kombora lisilo na baruti. Wasifiwao siku zote ni wale waliopiga. Wale waliokuwa na kidole juu ya kifyatuzi wakakizuia, majina yao hayajulikani, wala hawakujengewa sanamu.

MZIGO WA MWENYE KUVUKA

Asifahamu mtu katika haya tuliyosema kuwa lawama yote ni ya mwenye nyumba. Sivyo. Mwenye kuvuka kwa kusudi, kwa kupima subira ya jirani, ni mshirika katika kila kitakachotokea. Yeye ndiye aliyewaweka marubani wake mwenyewe katika njia ya mauti, na ndiye aliyemtia jirani yake katika mtihani ambao hakuutaka. Na akiwa ni mkubwa naye jirani ni mdogo, kosa lake ni zito zaidi, kwani amcheza mtu asiyeweza kumrudishia. Kusema "hatukuvuka" kila mara, na kusema "ni hewa mbaya" kila mara, ni katika kuongeza uwongo juu ya dhulma.

Na mchezo huu huua hata bila ya amri ya kuua. Ugiriki na Uturuki kwa miaka mingi zimekuwa zikigombania anga la Bahari ya Aegean. Ndege za huyu hupanda, na za yule hupanda kuzizuia. Tarehe 23 Mei 2006 ndege mbili za namna hiyo ziligongana karibu na kisiwa cha Karpathos, na rubani wa Kigiriki akafa. Hapana aliyekuwa amekusudia. Lakini wawili wakichezeana visu kila asubuhi, asiseme mtu siku ya damu kuwa ni bahati mbaya.

Basi mukhtasari wa jawabu ni huu. Kuingia anga la jirani bila ya idhini ni kosa, na mwenye kulifanya kwa kusudi ni dhalimu. Mwenye kuingiliwa ana haki ya kumtoa, kwa kilicho chepesi kwanza, na hapandi daraja ya juu ila ile ya chini ikishindwa. Hana haki ya kuua ila kwa kuzuia uuaji au madhara makubwa yaliyo mbele ya macho yake. Na kanuni atakayomhukumia jirani yake, iwe ndiyo aliyo radhi kuhukumiwa nayo siku watoto wake watakapokuwa ndio waliopotea angani.

Ama sisi tusio na ndege wala rada, tuna sehemu yetu pia. Khabari hizi zinapotufikia, nasi huzipokea kwa furaha au kwa hasira kabla ya kuuliza nani kavuka, kwa muda gani, alionywa vipi, na ni nani aliyekufa. Wakubwa huzisikia kelele zetu, na wengi wao hupiga kwa ajili ya kushangiliwa. Tukijizuia na kushangilia damu mpaka tujue ilimwagwa kwa haki gani, tutakuwa tumeondoa kuni moja katika moto huo.

Haya ndiyo tuliyoyaona katika suala hili. Na mwenye kuona kinyume chake, na atuletee hoja yake, nasi tutaisoma mbele ya wenzetu kwa insafu.